Dawa ya kifafa ikishapita kwenye ini, ni nani hasa anayezuia mtu asianguke?

Mfamasia wa Bara

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu kidogo, mnivumilie.

Nina mdogo wangu ana kifafa tangu akiwa darasa la tano. Sasa ana miaka 27, ni seremala, ana mke na mtoto mmoja. Mimi nimeishi na ugonjwa huu nyumbani kabla sijakutana nao kazini, na jambo ninaloleta leo nilijifunza kwake kuliko nilivyojifunza chuoni.

Alikuwa anatumia kabamazepini, ambayo wengi mnaijua kwa jina la Tegretol. Ilimsaidia sana, ila bado alikuwa anaanguka mara moja moja. Hospitali moja wakamwongezea sodiamu valproeti juu yake. Wiki ya pili shemeji akanipigia: "Shemeji, njoo umwone ndugu yako. Anatembea kama mlevi na pombe hajagusa." Nilimkuta karakana, penseli kaichomeka sikioni kama kawaida yake, anapigilia msumari kwenye mguu wa meza. Nyundo inatua pembeni. Anapiga tena, inatua pembeni. Akaniangalia akasema, "Kaka, naona misumari miwili, sijui nipige upi."

Tukamrudisha. Damu ikachukuliwa kupima kiwango cha kabamazepini. Majibu yakarudi: kawaida kabisa, wala haijazidi. Tukaambiwa dawa haina tatizo, labda ni mawazo. Nikarudi naye nyumbani amenishika bega kama kipofu, na moyoni najua kwamba mtu haoni misumari miwili kwa sababu ya mawazo.

Kilichokuwa kimezidi hakikupimwa.

Kabamazepini ikifika kwenye ini, kimeng'enya kinachoitwa CYP3A4 kinaipachika oksijeni kwenye kaboni yake ya 10 na ya 11. Kinachozaliwa hapo kinaitwa kabamazepini-10,11-epoksaidi. Wataalamu wanakiita metaboliti. Mimi nitasema "zao la dawa" ili tuende pamoja. Zao hili si takataka. Lina nguvu yake lenyewe ya kutuliza neva, na lina madhara yake lenyewe: kizunguzungu, kuona vitu viwili viwili, kuyumba. Kisha kuna kimeng'enya cha pili, epoksaidi haidrolesi, ambacho kazi yake ni kulivunja zao hilo liwe kitu kisicho na nguvu, litoke na mkojo. Valproeti inakizuia hicho cha pili. Yaani mlango wa kuingilia uko wazi na wa kutokea umefungwa. Kabamazepini yenyewe kwenye damu inaonekana iko sawa, huku epoksaidi inajaa.

Baada ya hapo nikawa silali, nasoma. Swali lililonikaa kichwani ni hili: kama zao la dawa lina nguvu, je, kuna aliyewahi kulichukua hilo peke yake, bila dawa mama, akampa mgonjwa aone?

Wapo. Na wa kwanza ninayetaka mmjue ni Thomas Butler, mtaalamu wa dawa wa Chapel Hill, North Carolina.

Miaka ya 1940 ilitoka dawa iitwayo trimethadioni, kwa kile kifafa cha watoto ambacho mtoto haanguki, anakodoa macho tu sekunde chache kama amezimika, kisha anaendelea na alichokuwa anafanya. (Walimu, huyo mnayemchapa kwa kutosikiliza, mpelekeni kwanza hospitali.) Butler akagundua kwamba mwili unaikata trimethadioni kipande na kubakiza dimethadioni, na dimethadioni haivunjwi tena. Inatoka kwenye figo polepole mno, kwa siku nyingi. Kwa hiyo mtu akitumia dawa hii kwa wiki kadhaa, kinachojaa kwenye damu yake ni zao, na dawa mama imebaki kidogo tu. Mwaka 1965 Butler na wenzake, Chamberlin na Waddell, wakatoa taarifa ya kuwapa wagonjwa dimethadioni yenyewe. Ikazuia kifafa. Dawa mama haikuwemo kabisa na kazi ilifanyika.

Hebu tulieni hapo. Kwa miaka karibu 20 madaktari walikuwa wanaandika jina la dawa moja kwenye cheti, na iliyokuwa inafanya kazi ni nyingine.

Epoksaidi nayo ilijaribiwa. Huko Sweden, Torbjörn Tomson na Leif Bertilsson mwaka 1984 waliwapa epoksaidi wagonjwa wenye yale maumivu makali ya neva ya uso, ambayo pia hutibiwa kwa kabamazepini. Ikatuliza maumivu vizuri. Mwaka 1990 Tomson na wenzake wakatoa jaribio la awali kwa wagonjwa wachache wa kifafa, wakiweka epoksaidi mahali pa kabamazepini. Haikufika kuwa dawa ya dukani. Viwanda vilichukua njia nyingine: vikatengeneza okskabazepini, ndugu wa kabamazepini ambaye umbo lake haliruhusu epoksaidi kuzaliwa kabisa.

Na okskabazepini nayo ina hadithi ileile. Ukiimeza, mwili unaigeuza haraka kuwa zao liitwalo likabazepini, na hilo ndilo linalofanya karibu kazi yote. Zao hili lina maumbo mawili, kama kiganja cha kulia na cha kushoto, moja likiwa nyingi karibu mara nne ya jingine. Kampuni ya BIAL ya Ureno ikachukua lile umbo lililo jingi, ikaliandaa liingie mwilini likiwa karibu peke yake. Ndiyo eslikabazepini. Ulaya waliiruhusu 2009, Marekani 2013. Mgonjwa anameza mara moja kwa siku.

Nimeandika haya kwa sababu moja. Tunapouliza "unatumia dawa gani?" tunapata nusu ya jibu. Nusu nyingine iko kwenye ini la mgonjwa, na inabadilika kila anapoongezewa dawa nyingine. Karibuni tujadili.

---

Mama Ilham

Asante kaka kwa elimu, nimesoma mpaka machozi yamenitoka hapo kwenye misumari.

Mimi binti yangu ana miaka 9, anakunywa fenobabitoni kila usiku toka ana miaka 6. Hajaanguka mwaka na miezi minne sasa. Juzi jirani yangu, mwanawe yuko chuo cha uuguzi, akaniambia hiyo ni dawa ya zamani, ya maskini, inaharibu ubongo, nitafute za kisasa. Tangu hapo kila nikimpa kidonge mkono unatetemeka. Hiyo fenobabitoni nayo inageuka kitu kingine ndani? Naomba unijibu kama dada yako.

---

Mfamasia wa Bara

Dada Mama Ilham, hongera kwanza. Mwaka na miezi minne bila kuanguka si jambo dogo, na umelifanya wewe, kila usiku.

Swali lako limenifurahisha, kwa sababu fenobabitoni ndiyo mfano mzuri kuliko yote na nilikuwa nimeuacha kwa ajili ya mtu atakayeuliza.

Ni ya zamani kweli. Daktari Mjerumani, Alfred Hauptmann, aliwapa wagonjwa wa kifafa mwaka 1912 akaona wanaacha kuanguka. Inazidi miaka 110. Miaka ya 1950 ikaja dawa mpya, primidoni, imetengenezwa Uingereza na kampuni ya ICI. Watu wakaipokea kama hatua mbele. Mwaka 1956 Butler yuleyule niliyemtaja na Waddell yuleyule wakaonyesha kwamba mwili unaigeuza primidoni kuwa fenobabitoni. Mgonjwa anameza dawa mpya, na baada ya siku kadhaa damu yake ina ileile ya 1912.

Kwa hiyo dada, anachokunywa Ilham ni zao lenyewe, limefika bila kupitia dawa mama. Wenzetu walinunua primidoni na ini likawatengenezea fenobabitoni. Wewe unaichukua moja kwa moja dirishani.

Haigeuki kuwa kitu kingine chenye nguvu. Sehemu inavunjwa na ini, sehemu inatoka na mkojo kama ilivyo, na inakwenda polepole: kwa mtu mzima inachukua siku tatu mpaka nne hivi kupungua nusu. Ndiyo maana kidonge kimoja kwa siku kinatosha.

Madhara inayo, siwezi kukuficha. Wapo watoto wanaosinzia, na wapo wanaokuwa watundu kupita kiasi, hawatulii, hasira juu, shuleni wanashuka. Ukiona hivyo kwa Ilham, mwambie daktari, kuna nyingine za kujaribu. Usipoona, Shirika la Afya Duniani lenyewe kwa miaka mingi liliiweka mbele kwa nchi zenye bajeti kama yetu. Neno moja tu nakuomba: usiiache ghafla kwa maneno ya jirani. Fenobabitoni ikikatwa ghafla degedege linarudi kwa nguvu, na linaweza lisikatike. Kama ni kupunguza, ni kwa wiki na miezi, na daktari akijua.

---

Ngosha77

Mkuu, mimi naona umewasifia tu hawa watu wa viwanda. Tazama mwenyewe ulivyoandika: kabamazepini, ikaja okskabazepini, ikaja eslikabazepini. Kitu kilekile kinavuliwa shati kinavalishwa jingine, kila mara bei mpya na hati mpya ya umiliki. Primidoni ni fenobabitoni iliyofichwa. Huu si utafiti, ni biashara ya kuuza maji kwenye chupa tofauti. Nionyeshe mahali ambapo kujaribu hilo zao kumemsaidia mgonjwa wa kawaida wa Shinyanga.

---

Mfamasia wa Bara

Mkuu Ngosha, hoja yako ina uzito na siikwepi. Biashara ipo. Zao la dawa ni njia rahisi ya kupata hati mpya, kwa sababu unajua tayari kwamba watu walikuwa wanatembea nalo mwilini kwa miaka. Eslikabazepini sijawahi kuipanga kwenye rafu yangu hata siku moja.

Lakini angalia primidoni tena. Kama si mtu kuchimba nini kinatokea ndani, tungekuwa tunaamini mpaka leo kwamba ni dawa tofauti kabisa na bora zaidi. Mwaka 1985 Marekani walitoa jaribio kubwa la hospitali zao za wanajeshi wastaafu, watu wazima 622, dawa nne zikishindanishwa: kabamazepini, fenitoini, fenobabitoni na primidoni. Iliyoshika mkia ni primidoni. Wengi waliiacha mapema kwa kichefuchefu, kutapika na kizunguzungu, tena mwanzoni kabisa, kabla ini halijapata muda wa kutengeneza fenobabitoni ya kutosha. Dawa mama ndiyo iliyokuwa inawasumbua. Hapo kujua zao kumemsaidia mgonjwa wa Shinyanga moja kwa moja: anapata fenobabitoni na wala hahitaji kumwonea wivu aliyeandikiwa primidoni.

Sitaki nionekane nasema primidoni ni ganda tupu. Yenyewe ina nguvu yake pia, majaribio ya wanyama yalionyesha. Na ndiyo ugumu wa kazi hii. Ukimpa mtu dawa mama, damuni mwake kuna vitu viwili au vitatu vinavyofanya kazi kwa pamoja, na huwezi kusema kipi kimezuia na kipi kimeumiza mpaka ukitoe kimoja ukijaribu peke yake. Kwanza kwa mnyama, kisha kwa mtu mzima asiye na ugonjwa kwa dozi ndogo, kisha kwa mgonjwa.

---

Mpogoro wa Ulanga

Nimeona fenobabitoni imetajwa nikasema nisipite kimya.

Kwetu Mahenge kifafa ni kingi kuliko sehemu nyingi mnazozijua. Bibi yangu mzaa mama alikuwa nacho. Anasimulia jinsi wagonjwa walivyolishwa kwa chombo chao peke yao, na mtu akiangukia motoni watu wanasimama mbali, wanaogopa povu na mate. Alama ya moto anayo mkononi, kuanzia kiwiko mpaka vidoleni, vidole viwili vimeshikana.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alikuwapo daktari mwanamke mzaliwa wa Norway, Louise Jilek-Aall, akafungua kliniki ya kifafa pale Mahenge. Alisikia habari za watu wanaoanguka akawafuata milimani. Dawa aliyoitumia zaidi ni hiyohiyo fenobabitoni. Bibi anasema watu walishangaa, kwa sababu waliamini mtu akishaungua ndiyo basi hatibiki tena, na wao waliokuwa wameungua wakaacha kuanguka. Baadaye daktari huyo akaandika kitaalamu kuhusu kifafa cha Wapogoro, mwaka 1965. Mwaka uleule mleta uzi aliosema Butler alijaribu zao lake.

Sasa hivi watafiti wanaangalia uhusiano wa kifafa cha kwetu na minyoo ya usubi. Hiyo ni habari ndefu ya uzi mwingine. Nilitaka tu dada Mama Ilham ajue kwamba hicho kidonge anachokiogopa kilimfanya bibi yangu akaolewa.

---

Baba Kamau Minnesota

Hamjambo ndugu zangu. Mimi ni Mkenya, niko Minnesota. Kijana wangu ana aina ya kifafa inayoitwa Dravet, ya kuzaliwa nayo, kali sana. Nimefurahi kuona mtu anaeleza mambo haya kwa Kiswahili, kwa maana mimi nimeelezwa kwa Kiingereza miaka sita na leo ndiyo nimeyaelewa.

Niongeze mawili, yote nimeyaona kwa mtoto wangu.

La kwanza, klobazamu. Ini linaigeuza kuwa zao linaloitwa noklobazamu, lenye nguvu, na linakaa mwilini muda mrefu kuliko klobazamu yenyewe. Walipomwongezea kanabidioli, ile inayotokana na bangi lakini hailevi, mtoto alilala siku nzima. Kula analala, kuoga analala. Daktari akatuambia kanabidioli inazuia kimeng'enya CYP2C19 kinachovunja noklobazamu, kwa hiyo zao linapanda mara tatu hivi. Wakapunguza klobazamu, akaamka. Kuna watu pia wamezaliwa na kimeng'enya hicho kikiwa dhaifu, hao wanajaa noklobazamu hata bila kanabidioli. Ni kama kisa cha fundi wetu, mlango wa kutokea.

La pili, fenfluramini. Ilikuwa dawa ya kupunguza unene, ikaondolewa sokoni 1997 kwa sababu iliharibu vali za moyo. Anayelaumiwa zaidi ni zao lake, nofenfluramini, ambayo inagusa kipokezi fulani kwenye vali na kuzifanya zinenepe. Mwaka 2020 Marekani waliirudisha kwa Dravet kwa dozi ndogo, kwa sababu inapunguza degedege kwelikweli. Kijana wangu anaitumia. Kila miezi sita tunampeleka kupigwa picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti. Analala chali kwenye kitanda kile, mimi naangalia vali zinavyofunguka na kufunga kwenye skrini, na mwenye mashine haniambii kitu mpaka amalize.

Kwa hivyo ndugu Ngosha, mimi nataka sana hayo mazao yajaribiwe moja moja. Nataka nijue kipi kinamzuia kijana wangu asianguke na kipi kinatafuta moyo wake. Kama vinaweza kutenganishwa, vitenganishwe.

---

Ngosha77

Baba Kamau pole sana mzee wangu, na Mungu amlinde kijana. Hapo umenijibu. Nilikuwa naangalia bei tu.

Mleta uzi, swali la mwisho. Sisi huku kipimo cha epoksaidi tutakipata wapi? Na mdogo wako aliishia wapi?

---

Mfamasia wa Bara

Baba Kamau, asante. Ulichoandika kuhusu fenfluramini ndicho kinachonifanya nisiseme kwamba zao huwa salama kuliko dawa mama. Zao linaweza kuwa ndilo lenye sumu. Epoksaidi kwa mdogo wangu ilikuwa hivyohivyo: kwa kiwango cha kawaida inamlinda, ikijaa inamwangusha kwa namna nyingine.

Mkuu Ngosha, kipimo cha epoksaidi hapa kwangu hakuna, na cha kabamazepini chenyewe tunatuma mbali. Tunachoweza ni macho yetu. Mtu anayetumia kabamazepini akiongezewa valproeti, kisha ndani ya siku au wiki chache akaanza kuyumba, kuona viwili viwili au kutapika, msimwambie ni mawazo hata kama majibu ya damu ni mazuri. Nendeni na makopo yote mawili mkononi, mwulizeni daktari kuhusu epoksaidi kwa jina lake. Hata valproeti isipokuwepo, kabamazepini ina tabia ya kulichochea ini liivunje haraka zaidi. Mwanzoni inachukua saa 25 mpaka 65 kupungua nusu, baada ya wiki kadhaa inashuka mpaka saa 12 mpaka 17. Ndiyo maana dozi iliyomtosha mgonjwa mwezi wa kwanza inaweza isimtoshe wa tatu, na hajafanya kosa lolote.

Mdogo wangu tulimfikisha kwa daktari bingwa wa neva. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza tarehe valproeti ilipoanza na tarehe kizunguzungu kilipoanza, akaziandika pamoja kwenye karatasi moja. Valproeti ikapunguzwa hatua kwa hatua mpaka ikaisha, kabamazepini ikapangwa upya. Kuyumba kukaisha ndani ya wiki ile ya kwanza.

Kuanguka bado anaanguka, mara ya mwisho ilikuwa mwezi wa pili. Shemeji ana daftari la kurasa 96 analoliweka juu ya kabati. Anaandika tarehe, saa, dakika ngapi, alikunywa nini siku hiyo, hata dawa ya mafua. Nimepita hapo jana nikalisoma lote nimesimama.

Mama Ilham, kama unaweza, na wewe anzisha la kwako. Halafu niandikie ujumbe wa pembeni uniambie uzito wa mtoto na namba iliyoandikwa kwenye kidonge.